Kifuniko cha Kushoto

Jumamosi hiyo Eustache hakuiwasha pikipiki yake asubuhi. Kwa miaka kumi na miwili hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza akitoka kitandani, kabla hata ya kunawa uso: aiwashe, aiache ingurume pale uani mpaka majirani walalamike. Leo aliiacha baridi makusudi. Anayenunua pikipiki iliyotumika hutaka kuikuta baridi, maana injini mbovu ikishapata moto hudanganya, na Eustache alitaka mnunuzi wake aone kila kitu. Kila kitu, isipokuwa kimoja. Na hicho kimoja, Mungu amsamehe, alitaka kionwe na mtu mwingine, ili yeye asilazimike kukitamka.

"Atakuja na fundi," alimwambia mkewe Christella, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Kila mtu huja na fundi. Fundi atafungua kifuniko cha kushoto, ataona. Mimi nitasema ndiyo, palivunjika, pakachomelewa. Tutapunguza bei, mambo kwisha."

"Na asipokuja na fundi?"

"Atakuja."

"Mimi nimekuuliza asipokuja."

Eustache akachukua kitambaa akaanza kufuta taa ya mbele, ambayo haikuwa na vumbi.

Chini ya kiti, nyuma ya kile kifuniko cheusi cha plastiki cha upande wa kushoto, fremu ilikuwa imekatika miaka miwili iliyopita, siku aliyobeba abiria mwenye gunia la viazi akateremka nalo kuelekea Nyabugogo. Waliponea chupuchupu. Mchomeleaji aliunga chuma, akapiga tupa, akapaka rangi. Tangu siku hiyo Eustache hakubeba mzigo tena. Alichukua abiria wembamba tu, akawa anateremka polepole mpaka vijana wakamtania kwamba anaendesha maiti. Yeye alijua ile fremu inavumilia nini na haivumilii nini. Lakini mtu akiinunua hatajua, na pikipiki iliyochomelewa fremu haifiki hata laki nne, wakati nzima ya umri ule inakwenda laki nane na nusu.

Na laki nne hazikutosha. Mwenye nyumba yao pale mteremkoni Gatsata alikwisha sema: ukuta wa nyuma umepasuka, mvua za Machi zisiwakute humu, mimi sitaki kesi ya vifo. Kinyinya walikuwa wamepata vyumba viwili vizuri, ila mwenyewe alitaka kodi ya miezi sita mkononi, na dhamana juu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Usimwone Eustache kuwa tapeli. Alikuwa mtu mwema mwenye ukuta uliopasuka, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko matapeli.

Kilichokuwa kinamchoma ni mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi alikuwa Shyaka.

*

Shyaka alifika saa tatu, na hakuja na fundi. Alikuja na mkewe Mugeni, yeye amevaa shati jeupe la kanisani, Mugeni kajifunga kitenge kipya, mume ana trei ya mayai thelathini, mke ana chupa ya maziwa. Maana kwa parrain hawaendi mikono mitupu. Eustache na Christella ndio waliowasimamia ndoa miaka mitatu iliyopita, wakakaa nyuma yao altareni, wakaapa mbele ya padri kwamba watawalea hawa vijana katika unyumba wao. Na waliwalea kweli. Wakigombana, walikimbilia kwa Parrain. Shyaka, aliyekulia Uganda na hakuwa na baba hapa mjini, alimwita hivyo kwa mdomo uliojaa, Parrain, kama watoto wengine wanavyosema baba.

"Karibuni, karibuni. Na fundi yuko nyuma?" Eustache akauliza, akichungulia kichochoroni.

"Fundi?" Shyaka akacheka. "Fundi ya nini, Parrain? Niende kwa baba yangu na fundi kama naenda kwa mwizi? Banange! Hiyo ni aibu."

"Aibu gani? Pikipiki ni chuma. Chuma hakina baba."

"Iko na baba. Wewe si uko hapa?"

Mugeni akacheka pia, akaingia ndani kumsaidia Christella. Eustache akabaki na yule kijana na ile pikipiki.

"Haya, basi kagua mwenyewe," akasema.

"Mimi najua nini, Parrain? Mimi najua mayai."

Hilo lilikuwa kweli. Shyaka alikuwa akichukua mayai kwenye mabanda ya kuku huko Kinyinya na kuyasambaza madukani, na sasa hoteli moja ya Kiyovu ilikuwa imemwahidi kununua trei arobaini kila asubuhi, mradi afike kabla ya saa kumi na mbili. Kwa miguu haiwezekani. Kwa pikipiki ya kukodi faida yote inaishia kwa mwenye pikipiki. Trei arobaini, nyuma, juu ya chuma kile.

"Njoo hapa," Eustache akasema. "Nitakufundisha. Siku moja utanunua kwa mtu usiyemjua. Weka kiganja kwenye injini. Iko moto au baridi?"

"Baridi."

"Ungeikuta moto, uulize kwa nini. Mtu akiipasha kabla hujafika, anaficha kitu." Alipojisikia akisema hivyo masikio yakamwaka. "Sasa iwashe mwenyewe. Usinipe mimi. Piga kiki."

Ikawaka kwa kiki ya pili. Eustache akamrudisha nyuma kwenye ekzosi, akamwonyesha moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi si neno, ukiwa wa buluu ujue inakula oili. Akachomoa kijiti cha oili, akamfutia kwenye karatasi: ikiwa na rangi ya maziwa, kimbia. Akamwambia anyanyue mnyororo kwa kidole aone unavyolegea, atazame meno ya gia ya nyuma kama yamechongoka. Akamshikisha gurudumu la mbele alitikise, asikilize kama lina mchezo, yaani limelegea. Shyaka alitii kila kitu kwa adabu, kama mtu anayefuata ibada ya dhehebu lisilo lake.

"Hii shokapu ya kulia inavuja," Eustache akasema. "Unaona mafuta hapa? Ukienda pale chini kwa mafundi watabadilisha sili kwa elfu nane. Na tairi ya nyuma imebakiza miezi mitatu, usidanganyike na hizi kashata zake. Na breki ya mbele ukiishika ghafla inalia."

"Mugeni!" Shyaka akapaza sauti kuelekea ndani. "Njoo usikie. Nani mwingine Kigali hii anauza kitu chake hivi?"

Mugeni akatokea mlangoni na kikombe mkononi, akitabasamu. Nyuma yake alikuwa Christella, na Christella hakutabasamu.

Sasa tuseme ukweli. Ukweli mdogo mdogo una utamu wake. Kila Eustache alipotaja kasoro moja, mzigo ulipungua kidogo kifuani, akatamani kutaja nyingine, na nyingine, kama mdaiwa anayelipa sarafu sarafu akitumaini mdai atachoka kuhesabu. Akatoa kadi ya njano ya umiliki, akamsomesha namba, kisha akamwinamisha shingoni mwa pikipiki, namba hiyo ilikopigwa kwenye chuma, alinganishe tarakimu moja moja. Akamwonyesha kwenye simu kwamba hakuna faini inayodaiwa. Akataja hata honi iliyobadilishwa mwaka jana, kitu ambacho hakuna mnunuzi duniani aliyewahi kuuliza.

Kikabaki kifuniko cha kushoto.

Bisibisi alikuwa nayo mkononi. Akachuchumaa, akakigonga kile kifuniko kwa mpini wake. "Humu ndani," akasema. "Humu ndani kuna betri. Na... na sehemu nyingine za fremu. Ni vizuri mtu aone. Shika, fungua mwenyewe. Ni skrubu mbili."

Akamnyooshea Shyaka ile bisibisi.

Shyaka aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi. Kisha akaiweka taratibu juu ya kiti.

"Inatosha, Parrain," akasema kwa sauti ya chini. "Ukinionyesha zaidi ya hapa utakuwa unanitukana. Kwamba mimi sikuamini."

Eustache angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akainua macho akamwona Christella mlangoni, anamtazama, anangoja. Akayashusha.

"Haya," akasema. "Twende tunywe chai."

Christella akageuka akaingia ndani.

Fedha, laki nane na nusu kamili, zilikuja kwa simu kabla chai haijapoa. Mugeni, ambaye mwandiko wake ni mzuri, aliandika karatasi ya mauziano, wakatia sahihi wote wanne. Shyaka alikuwa ameshika funguo kama mtu aliyeshika kifaranga. Kisha akafanya jambo ambalo Eustache hakulitarajia, ingawa angepaswa kulitarajia: alivua kofia, akamshika mkewe mkono, wote wawili wakainamisha vichwa.

"Utuombee, Parrain. Ni kitu yetu ya kwanza kubwa."

Akawaombea. Afanyeje? Alisema Mungu awape safari njema, awalinde barabarani, awalinde mteremkoni. Neno hilo la mteremko lilimtoka lenyewe. Christella hakusema amina.

*

Walihamia Kinyinya Jumatano. Vyumba vilikuwa viwili, sakafu ya vigae, bafu lilikuwa ndani, na uani kulikuwa na mahali pa kuanika nguo bila kuomba ruhusa kwa jirani. Pembeni pote watu walikuwa wanajenga, vumbi la saruji likiingia mpaka kwenye sukari. Christella aliipanga nyumba siku moja, haraka haraka, kama mtu anayepanga nyumba ya mwingine.

"Umeipenda?" Eustache akamuuliza.

"Ina bafu ndani," akajibu. "Kila nikioga namwona yule mtoto na mayai yake."

"Nitamwambia asibebe mzito."

"Utamwambia nini akikuuliza kwa nini?"

Akatoka nje.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mzee Karangwa alimshika bega pale uwanjani mwa kanisa. Karangwa ni mfanyabiashara wa mbao, mtu mzito, aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama mbao anazouza.

"Bwana Eustache, wiki hii umetusomesha bila kuwapo. Kijana wako Shyaka alisimama Alhamisi kwenye kikundi cha wanandoa akatoa ushuhuda. Anasema ulimtajia kasoro saba za pikipiki kabla hajauliza hata moja! Saba! Watu walipiga makofi."

"Ametia chumvi."

"Hata ziwe nne. Mimi nataka kumnunulia mwanangu pikipiki. Uje nami, uikague, nikupe ahsante yako. Siwaamini mafundi, ila wewe nakuamini."

"Macho yangu," Eustache akasema. "Macho hayaoni vizuri siku hizi, mzee wangu. Nitakupotosha."

"Acha unyenyekevu wako."

"Siyo unyenyekevu."

Karangwa akacheka, akampigapiga mgongoni, akaondoka akiwaambia wengine jinsi mtu yule alivyo mnyenyekevu. Eustache alisimama pale juani, jasho linamtiririka mgongoni. Alikuwa ametukanwa mara nyingi katika kazi ya pikipiki, na abiria, na askari, na wenye magari, na hakuna tusi lililomkaa kama ile sifa.

*

Wiki ya tatu alikutana na Mugeni.

Ilikuwa karibu saa nne asubuhi, kwenye barabara ya vumbi inayotoka kwenye mabanda ya kuku. Alikuwa anakuja kwa miguu, trei za mayai zimepangwa kichwani, zimefungwa kwa kitenge, na nyingine mbili mkononi. Kitenge chenyewe kilikuwa kile kipya. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi hadi kwenye vifundo.

"Mugeni! Pikipiki iko wapi?"

Alisimama. Mtu mwenye mayai kichwani hawezi kuinamisha kichwa, kwa hiyo aliinamisha macho peke yake.

"Iko nyumbani, Parrain. Iko salama."

"Na Shyaka?"

"Amekwenda Nyabugogo na mzigo mwingine. Kwa miguu." Akaongeza upesi, "Pikipiki tunangojea kipuri tu. Shokapu. Ile uliyotuambia."

"Sili ya shokapu ni kazi ya nusu saa."

"Yego, ni kweli, Parrain."

"Na hoteli? Ile ya Kiyovu?"

Mugeni hakuwa na kipaji cha kudanganya. "Hoteli wamepata mtu mwingine," akasema mwishowe. "Si neno, Mungu atafungua mlango mwingine. Msalimie sana mama, Marraine wetu."

Akapita, akitembea kwa ule mwendo wa kunyooka wa mtu aliyebeba kitu kinachovunjika. Eustache alimtazama mpaka alipopinda kona. Kisha akarudi nyumbani, akamkuta Christella anafua, akamweleza yote akiwa amesimama.

Christella hakuacha kufua. "Wamejua," akasema.

"Huenda kweli ni shokapu."

"Eustache."

Alipomwita jina lake hivyo, bila baba fulani, bila chochote, alijua mkewe amechoka naye. Akaingia ndani akatoa bahasha iliyokuwa chini ya godoro. Baada ya kodi na dhamana na gari la kuhamia, zilikuwa zimebaki elfu themanini na tano. Akavaa koti.

"Vaa viatu vizuri," Christella akasema. "Usiende kuomba msamaha umevaa kandambili."

*

Shyaka aliishi Gatsata chini, karibu na barabara, kwenye chumba kimoja na ua wa pamoja. Pikipiki ilikuwa pale ukutani, imefunikwa turubai la buluu, na turubai limefungwa kwa kamba kama mzigo wa safari. Shyaka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafuta mayai moja moja kwa kitambaa kibichi. Alipomwona mgeni wake aliruka akasimama.

"Parrain! Ungepiga simu! Ngoja nilete kiti."

"Usilete kiti."

"Hapana, huwezi kusimama kwangu..."

"Shyaka, nimesema usilete kiti. Nikikaa sitaweza." Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno vizuri, lakini sasa yakatoka kama viazi kwenye gunia lililopasuka. "Ile fremu imechomelewa. Chini ya kifuniko cha kushoto. Ilivunjika miaka miwili iliyopita, nikaificha, nikakuuzia nikijua. Haiwezi kubeba mayai yako. Ingekuua. Nilijua."

Shyaka hakushtuka. Alikuwa ameshika yai, akaliweka kwenye tundu lake katika trei, polepole, akahakikisha limekaa.

"Najua, Parrain," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya pili. Nilipeleka kwa Mugenzi, yule mchomeleaji, aniongezee keria pana ya trei. Akafungua. Akasema, hii si ya mzee Eustache? Akasema hii niliiunga mimi. Akasema... si neno alichosema."

"Sema."

"Akasema ulimwongezea elfu nne, apake rangi mara mbili, isionekane."

Eustache akalitazama lile turubai. Alikuwa amesahau zile elfu nne. Kweli kabisa alikuwa amezisahau.

"Siku ya pili," akasema. "Na Alhamisi ile ukasimama ukatoa ushuhuda. Karangwa aliniambia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshajua?"

"Walikuwa wameniuliza mbele ya watu, Parrain. Shyaka, umenunua pikipiki kwa parrain wako, ikoje? Ningesema nini? Nikinyamaza watafikiri mabaya. Basi nikasema yale mazuri. Na yalikuwa kweli, yale mazuri. Ulinitajia kweli."

"Ungeirudisha! Ungekuja ukanitukana, ukachukua fedha yako!"

"Ningekuja namna gani?" Kwa mara ya kwanza sauti ya kijana ikapanda. "Nikiirudisha, utajua kwamba mimi nimejua. Na baada ya hapo tutatazamana vipi? Wewe ulikaa nyuma yangu altareni. Mimi sina mtu mwingine hapa. Nilisema bora nipoteze pikipiki, nibaki na baba."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Mugeni alikuwa ndani, anasikia yote. Eustache akakumbuka vile viatu vyake vyekundu kwa vumbi, na wiki tatu za barabara ile, na yeye mwenyewe akiwa anaoga kwenye bafu la ndani. Aibu ilimshika, si ile ya watu watasema nini, ile nyingine, ya kuona kwamba mtoto amekubeba mgongoni na wewe ulikuwa unadhani unatembea. Aliwahi kuwaambia hawa wawili, siku wameketi mbele yake wamenuniana, kwamba uongo mmoja katika nyumba huzaa kama panya. Sasa alikuwa amewaletea panya wake mwenyewe.

Akatoa bahasha. "Hii ni elfu themanini na tano. Ndiyo iliyobaki. Leo tunaipeleka hii pikipiki kwa wanunuzi wa vipuri, tunaiuza kama ilivyo, watatoa watakachotoa, kitakuwa chako. Zilizobaki nitazileta kila mwezi. Nimeambiwa kuna kazi ya ulinzi kwenye jengo moja Kinyinya."

"Parrain, wewe na kifua chako kinachokubana, ulinzi wa usiku..."

"Usinihurumie tena. Nakuomba."

"Sitaki fedha, Parrain. Tuache hivi hivi. Mbali na Mugenzi hakuna anayejua."

Mugeni akatokea mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara kuliko ya wanaume wote wawili.

"Chukua," akamwambia mumewe. "Parrain ametoka Kinyinya kwa miguu kuja kuleta. Utamrudisha nayo?"

Shyaka akaipokea bahasha. Kwa mikono miwili, hata hapo.

*

Waliisukuma. Eustache alikataa iwashwe. Alishika usukani, Shyaka akasukuma nyuma, wakapanda barabara ya Gatsata mchana mweupe, katikati ya gereji zote ambako kila mtu mwenye mafuta mikononi alimfahamu. "Mzee Eustache, imekufa?" wakamuuliza. "Imekufa," akajibu. Mara mbili Shyaka alijibu kabla yake, akasema ni petroli imekwisha.

Béatha, mama anayenunua pikipiki mbovu na kuziuza vipande vipande, alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake kati ya matangi na magurudumu. Hakuwa akimfahamu yeyote kati yao. Hakuuliza adabu wala baba. Alisimama, akavuta kifuniko cha kushoto kwa mkono, bila hata bisibisi, plastiki ikalia, akapitisha ukucha juu ya chuma. Rangi ikabanduka. Kazi nzima haikuchukua muda wa kupiga chafya.

"Laki mbili na nusu," akasema. "Injini ni nzima, fremu ni takataka. Kadi ina jina la nani?"

"Langu," Shyaka akasema.

Béatha akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona wengi. "Kijana, uliinunua hivi? Nani alikuuzia?"

"Mtu mmoja wa Nyabugogo," Shyaka akajibu papo hapo. "Simjui."

Alilisema vizuri, kwa wepesi, bila kupepesa jicho. Wiki tatu zilikuwa zimemfundisha.

"Mshenzi," Béatha akasema. "Mungu atamlipa. Mtu wa hivyo unamjua tu kwa sura, utamkuta hata misa anaenda."

"Ni mimi," Eustache akasema.

Béatha akacheka. Alifikiri mzee anatania. "Wewe? Wewe ni nani wake?"

Eustache aliachia usukani. Vijana wa gereji ya pembeni walikuwa wameacha kufunga nati, wanasikiliza.

"Mimi ni parrain wake," akasema. "Nilimsimamia ndoa."

Kicheko kikakatika. Béatha akamgeukia Shyaka, akingoja akanushe, lakini Shyaka alikuwa amepachika macho chini, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Yule mama aliwapa mgongo, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta baba mkwe wake ndani, akaanza kuhesabu noti akiwa ameelekea ukutani.